Imefunguliwa, imefungwa, haiwaki: injini ndogo ya dizeli kutoka Augsburg hadi Mchombe

Kuna injini inayokufa yenyewe, na kuna injini inayokataa kuwaka ikitoka kwa fundi. Ni habari mbili tofauti kabisa, ingawa mwenye mali anaona kitu kilekile: hendeli inazungushwa mpaka shati linalowa jasho, na bomba la moshi kimya.

Kwa mkulima wa mpunga wa Mchombe, hii habari ya pili huwa inakuja wakati mbaya kuliko wote. Pawatila nyingi zinafunguliwa kiangazi, wakati zimekaa bure, na zinatakiwa kazini mvua za kwanza zikishuka, Novemba au Desemba. Baada ya hapo mbuga haimsubiri mtu. Ikifika Machi na Aprili maji ya Kilombero na mito yake yameshatanda, na eneo ambalo halikulimwa linabaki kuwa la nyasi na vyura. Kwa hiyo siku kumi za injini kugoma ni gunia ambazo hazitavunwa mwezi wa sita. Ndiyo maana watu wanafanya maamuzi ya hasira: wanaita fundi wa pili, anabomoa kila kitu upya, ananunuliwa ringi nyingine na nozeli nyingine, au mashine nzima inapimwa kwa kilo na kuuzwa chuma chakavu. Wakati mwingine tatizo lote lilikuwa kipovu cha hewa.

Sasa, mafundi wazoefu wana kanuni moja ambayo haijaandikwa popote lakini ni sayansi safi. Kama injini ilikuwa inawaka kabla ya kufunguliwa, hata kwa shida, basi kwanza tafuta kosa kwenye kile kilichoguswa. Usianze na kile ambacho hakuna mtu aliyekishika. Ukifuata kanuni hiyo utashangaa: kila sehemu utakayokagua ni sehemu ambayo miaka mia na kitu iliyopita ilimnyima mtu usingizi. Injini ndogo ya dizeli imejengwa kwa kugoma. Iligoma mbele ya mtu aliyeibuni, tena kwa miaka.

Mashine iliyolipuka kabla ya kuwaka

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Wazo lake aliliombea hati miliki mwaka 1892, na kwa maneno ya mtaani ni hivi: ukiibana hewa haraka na kwa nguvu, inapata moto. Mtu yeyote aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua, maana pampu inachemka chini. Ukiibana vya kutosha, joto linapita lile linalohitajika kuwasha mafuta, na hapo huhitaji plagi wala cheche. Unayapuliza mafuta ndani ya hewa hiyo na yanawaka yenyewe. Injini nyingi za pawatila na za mashine za kukoboa huibana hewa mpaka inabaki karibu sehemu moja ya 20 ya ujazo wake wa mwanzo. Hewa inafika nyuzi joto mamia kadhaa, wakati dizeli inaweza kujiwasha kwenye nyuzi mia mbili na kitu.

Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Mashine ya kwanza ikajengwa kiwandani Augsburg, kusini mwa Ujerumani, na tarehe 10 Agosti 1893 wakaijaribu. Haikuweza kujizungusha yenyewe. Ilikuwa inazungushwa kwa mkanda kutoka shafti ya karakana. Mafuta waliyoingiza siku hiyo yalikuwa petroli. Ikalipuka, na kifaa cha kupimia presha kikarushwa. Diesel alifurahi, eti, kwa sababu mlipuko ulithibitisha kwamba mgandamizo peke yake unawasha. Ilichukua mpaka Februari 1894 ndipo injini ikajiendesha yenyewe, tena kwa kama dakika moja tu. Na ilikuwa Februari 1897 ndipo Profesa Moritz Schröter wa Munich alipoipima rasmi na kukuta inageuza zaidi kidogo ya asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za wakati ule zilikuwa mbali nyuma.

Tusimame kidogo kwenye ile petroli. Mpaka leo, injini ya dizeli ikigoma shambani, kuna mtu atasema tumwagie petroli kidogo kwenye njia ya hewa. Ni jaribio lilelile la Agosti 1893, isipokuwa safari hii aliyeshika hendeli yuko sentimita chache kutoka kwenye flaiwili. Petroli inawaka mapema kabla pistoni haijafika juu, inairudisha nyuma, na hendeli inaweza kuvunja mkono. Isitoshe, hata ikiwaka kwa petroli haijakuambia kwa nini haikuwaka kwa dizeli.

Katika miaka hiyo minne kati ya 1893 na 1897 kazi kubwa ilikuwa kuzuia hewa isivuje: pistoni, ringi, valvu, gasketi. Ni orodha ileile ambayo fundi anaigusa akifanya ovahoo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa injini iliyotoka kwa fundi ni kama inabana. Unainua kile kiwenzo kidogo juu ya kava la valvu kinachopunguza mgandamizo, unaizungusha ianze kuwa nyepesi, kisha unakiachia. Injini nzima itakataa hendeli, itasukuma kurudi nyuma kama mpira. Ikizunguka laini tu kama cherehani, hewa inatoka mahali.

Mahali gani? Rudi kwenye kilichoguswa. Kama silindahedi ilifunguliwa, angalia nafasi kati ya mkono wa roka na valvu. Nafasi hiyo ni ndogo, chini ya nusu milimita, na ikiwa haipo kabisa valvu haifungi na hewa inapita. Kama ringi ni mpya na silinda ilifungwa kavu bila oili, mgandamizo utakuwa dhaifu mpaka oili ipate kuziba. Kijiko cha oili kwenye njia ya hewa na mizunguko michache ya hendeli mara nyingi huleta uhai, ila kijiko, si kikombe. Na tafadhali, kabla ya yote, angalia kama tambara lililoziba njia ya hewa wakati wa kuosha limetolewa. Hili linatokea kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Tone dogo kuliko tone

Injini ya 1897 ilikuwa na udhaifu ambao uliizuia kufika kijijini kwa miaka 30 zaidi. Kupuliza mafuta ndani ya silinda iliyojaa hewa yenye presha kali si mchezo. Diesel alitumia hewa iliyobanwa na kompresa ya pembeni, na kompresa hiyo ilikuwa nzito, ghali, na ilikula nguvu ya injini yenyewe. Kwa meli na viwanda sawa. Kwa kitu cha kusukumwa tutani, hapana.

Jibu lilitoka Stuttgart. Mwishoni mwa 1922 Robert Bosch, ambaye kampuni yake ilikuwa imejijengea jina kwa magineto za injini za petroli, aliamua kutengeneza pampu itakayoyasukuma mafuta yenyewe bila msaada wa hewa. Mwaka 1927 pampu hizo zikaanza kutoka kiwandani kwa wingi. Kwa maoni yangu hapo ndipo injini ndogo ya dizeli ilipozaliwa hasa, na ni jambo la ajabu kwamba dunia inamkumbuka Diesel peke yake.

Hebu tufanye hesabu kuona ukubwa wa kazi yenyewe. Chukua injini ya nguvu za farasi 12 inayozunguka mara 2000 kwa dakika. Injini ya mipigo minne hupokea mafuta mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni mara 1000 kwa dakika, mara 60,000 kwa saa. Ikifanya kazi kwa nguvu zote itakunywa kama kilo 2.2 za dizeli kwa saa. Gawanya, na kila pigo linapata kama gramu 0.037, yaani milimita za ujazo 40 na kitu. Tone la maji linalodondoka bombani ni kubwa kuliko hilo. Na hicho kitone kinatakiwa kusukumwa mpaka presha ipite zaidi ya mara 100 ya ile ya hewa tunayovuta, ndipo sindano ya nozeli inyanyuke na kukirusha kama ukungu.

Sasa weka kipovu cha hewa kwenye bomba. Dizeli haibaniki, lakini hewa inabanika sana. Ili kipovu kifikie presha ya mara 100, inabidi kisinyae mpaka sehemu moja ya 100 ya ukubwa wake. Kama kipovu kina ukubwa sawa na kile kinachosukumwa na pampu kwa pigo moja, au zaidi, basi pigo lote linaishia kukibana tu. Pampu ikirudi, kipovu kinatanuka tena. Nozeli haijasikia kitu. Unaweza kuzungusha hendeli mpaka jua lizame, plunja inapanda na kushuka, tangi limejaa, na ndani ya silinda haijaingia hata chembe ya mafuta.

Hiyo ndiyo sababu kubwa, nadhani kubwa kuliko zote, ya injini kugoma baada ya matengenezo. Kila bomba la mafuta lililofunguliwa liliingiza upepo. Kuutoa hakuhitaji spea, kunahitaji spana na uvumilivu. Unafungua koki ya tangi. Unalegeza nati ya bomba linaloingia kwenye pampu, unaacha dizeli ibubujike na povu lake mpaka itoke safi, unakaza. Kisha unalegeza nati ya bomba la nozeli upande wa juu, unazungusha injini, unasubiri dizeli itoke kwa mapigo bila povu, unakaza. Usiweke kidole mbele ya nozeli iliyotolewa nje ili kujaribu kama inapuliza. Ukungu ule unapenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo wakati ndani si dogo hata kidogo.

Kingine cha Bosch kinachowatesa mafundi wetu ni usafi. Plunja na ala yake vimesagwa pamoja kwa ukaribu wa elfu mbili au tatu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara 20 ya hapo. Havibadilishwi kimoja kimoja, na havipanguswi kwa tambara lililotoka kwenye vumbi la Agosti.

Kerengende wa Osaka

Pampu ikapatikana, lakini nani ataipunguza injini ifike kwa mkulima? Huyo alikuwa Yamaoka Magokichi, aliyefungua karakana yake Osaka mwaka 1912. Mwaka 1932 alikwenda Ujerumani, akaziona injini za dizeli kwenye maonyesho ya Leipzig, akarudi nyumbani na kuwabana wahandisi wake. Desemba 1933 wakatoa injini ndogo waliyoiita HB, ambayo kampuni yake inaitaja kuwa dizeli ndogo ya kwanza duniani iliyofaa kwa matumizi. Kampuni ni Yanmar. Jina linatokana na kerengende, mdudu ambaye Japani akionekana kwa wingi juu ya mashamba ya mpunga ni dalili ya mavuno mema. Watu wa Kilombero wanamfahamu kerengende vizuri, ingawa hatukuwahi kumpa heshima ya kuwa chapa ya injini.

Baada ya Wajapani wakaja Wachina, na hao ndio waliozifanya injini hizi kuwa za kawaida kama jembe. Jina maarufu ni S195, na jina lenyewe ni maelezo: herufi S ni ya shafti mbili za kuweka mizani, 1 ni silinda moja, 95 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Ukiijua siri hiyo, ZS1115 unaisoma mwenyewe.

Zile shafti mbili ni muhimu kwa habari yetu. Ndani ya kava la pembeni kuna gia kadhaa: ya krenkshafti, ya kamshafti, ya gavana, na za shafti za mizani. Kila moja ina alama ndogo zilizogongwa kwenye meno, na lazima zikutane na mwenzake. Gia ya kamshafti ikiruka meno machache, valvu zitafunguka wakati wa kubana, na injini haitawaka hata uombe vipi. Gia za mizani zikikosewa, itawaka, lakini itaruka kama punda aliyepigwa. Vilevile kuna karatasi nyembamba za chuma chini ya pampu, zile shimu. Fundi akiosha pampu na kusahau moja, au akaongeza moja kwa sababu gasketi inavuja, amebadilisha saa ya mafuta kuingia: shimu zikizidi mafuta yanachelewa, zikipungua yanawahi.

Na kuna kosa moja la hatari. Pampu ya injini hizi ina kijimkono chenye kidonge cha duara, ambacho lazima kiingie kwenye uma wa gavana wakati unairudisha. Kikikosa uma, pampu imekaa sawa, nati zimekaza, kila kitu kizuri kwa nje, ila hakuna anayeiongoza. Ama injini haipati mafuta na haiwaki, ama inapata yote na ikiwaka inapanda mlio bila kikomo. Ikikutokea, usikimbilie kiwenzo cha mafuta, hakisikilizi tena. Ziba njia ya hewa kwa ubao, au legeza nati ya bomba la nozeli, na watu wakae mbali.

Bonde ambalo limezika mashine nyingi

Tanzania inayo historia ndefu ya injini zilizotengenezwa na zikakataa, na kubwa kuliko zote haikuwa Kilombero bali Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga, ekari zaidi ya milioni tatu kwenye karatasi. Trekta mpya hazikuwepo baada ya vita, kwa hiyo walinunua mabaki ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yamelala Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta, vikaitwa Shervick. Mashine zilikuja zimefanyiwa matengenezo na watu ambao hawakujua zimefanya kazi saa ngapi, zikapokelewa na watu ambao hawakujua nini kimeguswa. Spea hazikulingana. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Mradi ulifungwa mwaka 1951 na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Watu husema ukame na mizizi ya mibuyu viliua karanga. Ni kweli, ila kanuni yetu ya kilichoguswa ilishavunjwa bandarini.

Bonde la Kilombero nalo limeona ya kwake. Vichwa vya treni vya kwanza vya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Ifakara, Mngeta na Mlimba, vilishindwa na mlima kutoka Mlimba kwenda Makambako, injini zilichemka. Mngeta, jirani kabisa na Mchombe, mwaka 1986 ulianza mradi wa mpunga wa Tanzania na Korea Kaskazini ulioitwa KOTACO, nao ukafifia mapema miaka ya 1990. Mwaka 2008 shamba hilo likaingia mikononi mwa Kilombero Plantations.

Halafu ikaja Kilimo Kwanza, Agosti 2009, na pawatila zikaanza kushuka kwenye halmashauri. Wengi wanazikumbuka kwa lawama, kwamba nyingi zililala stoo au kugeuzwa za kubebea mizigo. Sehemu ya lawama ni ya haki. Mashine zilifika, kijitabu chake kikiwa kwa lugha ambayo fundi haisomi, na mafunzo ya siku chache yalikuwa ya kuendesha, si ya kufungua na kufunga. Lakini waliobaki nazo walijifunza kwa njia ngumu, na leo fundi wa Mchombe mwenye spana tatu anajua mambo ya gavana ambayo baadhi yetu tumeyakuta chuo kikuu.

Kitu ambacho bado ni adimu ni kumbukumbu. Ukimpelekea fundi injini, mwambie aandike, hata nyuma ya risiti: imefunguliwa nini, shimu zilikuwa ngapi, ringi za kipimo gani. Piga picha ya gia kwa simu kabla hazijatoka. Ikigoma Desemba, na fundi yule ameshahamia Mlimba, fundi wa pili ataanza kwenye karatasi hiyo badala ya kuanza kwenye bolti ya kwanza. Wenye mashine za petroli, ziwe za kuvuta maji au zile za kukalia za kukatia nyasi za viwanjani, kanuni ni hiyohiyo. Huko kaangalie kwanza ile ufunguo mdogo wa flaiwili, ukikatwa kidogo tu cheche inatoka kwa wakati usio wake.

Na ukishatoa upepo wote, usiharakishe kuachia kiwenzo cha mgandamizo. Kiache juu, zungusha polepole, tega sikio karibu na silindahedi. Nozeli iliyopata mafuta ina mlio wake, mkavu, kama mtu anayebofya ulimi: tek, tek, mara moja kila mizunguko miwili. Usipousikia, kwenye mafuta bado kazi haijaisha. Ukiusikia, ongeza kasi, achia.